Badilisheni Kidogo Kabla Hakijaua Kikubwa

Wanangu wa Mbagala, Tandika, Yombo na Mtoni. Wanangu wa Tegeta, Bunju, Kawe na Mwananyamala. Na ninyi nyote mliopanga fremu ndogo kando ya barabara mkaweka mashine ya aiskrimu mlangoni ili watoto wakitoka shule wapate koni. Sasa sogezeni viti mnisikilize, maana nina jambo nanyi.

Mimi ni fundi wa majokofu. Nimezeekea katika kazi hii hapa Temeke, na zamani nilizoea kuitiwa friji za majumbani, majokofu ya mabucha na friza za wauza samaki. Siku hizi simu nyingi zinazonijia ni za mashine zenu, hasa hizi za midomo mitatu zinazoletwa kutoka China: ladha moja kushoto, nyingine kulia, na katikati zote mbili zikitoka pamoja. Nazipenda mashine hizi, kwa kuwa zimewapa vijana kazi halali karibu na kwao. Lakini zinanitia uchungu, kwa sababu mara nyingi naitwa mashine ikiwa imekwisha kufa. Kompresa imeungua, au mota ya kukorogea imeungua, au shafti imekatika. Nikiifungua kutafuta chanzo, nakuta ni mpira uliolika, kisu cha plastiki kilichokwisha makali, au vumbi ambalo lingetolewa kwa brashi. Kitu cha bei ya koni chache kimeua kitu cha bei ya miezi ya jasho.

Neno langu ni moja, na yote nitakayosema yanatoka humo. Waliounda mashine hii waliiwekea vipuri vidogo, laini na vya bei nafuu, kwa makusudi kwamba hivyo ndivyo vichakae. Kisu cha plastiki hulika ili silinda ya chuma isichubuke. Sili ya mpira hulika ili maziwa yasiingie kwenye beringi. Mkanda huteleza na kukatika ili mota isizidiwe. Vidogo hivi vimewekwa vife kwa zamu, na kazi ya mwenye mashine ni kuvizika kwa wakati na kuweka vipya. Anayekataa kuvibadilisha huupeleka uchakavu kwenye vikubwa, na vikubwa havina zamu; vikifa vimekufa.

Mnajua wenyewe mashine hizo zimepatikanaje. Mwenye bahati amepata mkopo wa halmashauri, katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ambayo asilimia 4 ni fungu la vijana. Wengine mmechanga kwenye vikoba. Na wengine, Mungu awanusuru, mmekopa kwa wale wa kausha damu. Katika yote hayo kuna sheria moja: mashine ikisimama, marejesho hayasimami. Kodi ya fremu haisimami. Kijana uliyemwajiri hasimami kula. Kwa hiyo msinione mzee wa maneno mengi nikiwahimiza juu ya oringi na sili. Nazungumzia nyumba zenu.

Kwanza ijueni mashine yenyewe, kwa sababu huwezi kutunza usichokielewa. Juu kuna tangi la kumimina mchanganyiko, na humo maziwa yanatakiwa yakae katika nyuzi 4 au 5 za selsiasi, yasizidi hapo. Kutoka tangini, mrija wenye tundu dogo huteremsha mchanganyiko pamoja na hewa hadi kwenye silinda iliyolala nyuma ya midomo. Silinda hiyo imezungukwa na mabomba ya gesi ya kupoozea. Mchanganyiko unapogusa ukuta wake huganda hapo hapo, na kikorogeo kinachozunguka ndani huukwangua kabla haujawa barafu nene. Ukifika mdomoni umeshuka hadi nyuzi 6 hivi au zaidi chini ya sifuri, laini na mzito. Siri ya aiskrimu tangu zamani ni hiyo hiyo. Mwaka 1843 mwanamke wa Philadelphia nchini Marekani, Nancy Johnson, alipewa hataza ya chombo cha kuzungusha kwa mkono, chenye kikorogeo ndani na barafu yenye chumvi nje. Umeme na kompresa vilikuja baadaye, lakini kazi imebaki kugandisha ukutani na kuondoa kilichoganda bila kuchelewa.

Basi tuanze na visu vinavyokwangua. Kisu kikiwa kikali, ukuta wa silinda hubaki safi na baridi huingia moja kwa moja kwenye maziwa. Kikiisha makali, huacha utando mwembamba wa barafu ukutani. Barafu hiyo huzuia baridi isipite, kwa hiyo aiskrimu hutoka nyepesi na yenye maji, foleni inasubiri, na kompresa inafanya kazi bila kupumzika. Mwenye mashine akiona hivyo hupiga simu kwa fundi na kusema gesi imeisha. Hapana, mwanangu. Kabla hujapiga simu, toa kikorogeo, pitisha ukucha kwenye kingo za visu, tazama kama zimepinda, zimemeguka au zimekuwa butu. Mashine inayofanya kazi kila siku ibadilishiwe visu kila baada ya miezi 3, isipokuwa kitabu chake kimetaja muda mwingine. Kama visu vyako vimeungana na kikorogeo, kagua kingo za kikorogeo chenyewe. Na ukisikia mkwaruzo wa chuma kwa chuma, zima mashine wakati huo huo, kwa sababu silinda iliyochubuka hairekebishiki kwa bei unayoiweza.

Pili ni oringi, zile pete za mpira zilizovaa kwenye pistoni za midomo, pamoja na mpira mpana wa mlango wa mbele. Kazi yake ni kuzuia maziwa yasipite pasipotakiwa. Dalili ya kuchoka ni tone linalodondoka mdomoni mkono wa kutolea ukiwa umefungwa, au maziwa yanayotambaa kando ya mlango. Mpira ukiwa na ufa, umelegea au umebapa, mtoe. Usiugeuze upande wa pili ukadhani umepona. Nao pia, miezi 3 ni umri wa kutosha kwa mashine ya biashara.

Katika oringi naona makosa mawili kila mara, kwa hiyo nayataja waziwazi. La kwanza ni kupaka chochote kilicho karibu: mafuta ya kupikia, mafuta ya mgando ya kujipaka, hata grisi ya pikipiki. Mafuta ya kupikia huchacha. Yale yatokanayo na petroli huvimbisha na kulainisha mipira mingi, na grisi ya magari ni sumu kwa mtoto. Ipo grisi maalumu ya mashine za chakula, nunueni hiyo, na mpake kidogo tu. Kosa la pili ni kununua pete ya bomba la maji kwa sababu inaingia. Kuingia hakutoshi. Pete ya mashine ya chakula ni ya mpira uliotengenezwa kugusana na chakula. Mkienda Kariakoo kutafuta spea, chukueni ile ya zamani mkononi, linganisheni upana wa tundu na unene wa mpira, kisha nunueni seti mbili. Moja ifungwe, nyingine ikae dukani ndani ya mfuko safi, mbali na jua.

Tatu ni sili ya nyuma, na hapa nawasihi muwe makini sana kwa sababu haionekani. Kikorogeo huzungushwa na shafti inayopita ukuta wa nyuma wa silinda kwenda kwenye gia na mota. Pale inapopita pana sili. Ikichoka, maziwa huvuja kwa nyuma, kimyakimya, huku mbele aiskrimu ikitoka vizuri na wateja wakicheka. Waliounda mashine waliliona hilo, wakaweka njia ya kupitishia uvujaji huo hadi kwenye kitrei kidogo cha pembeni au cha mbele. Kitrei hicho ndicho mjumbe wenu. Kitoeni kila jioni mkitazame kabla ya kukimwaga. Matone machache si neno, lakini yakiongezeka siku hadi siku, sili imefika mwisho. Ukichelewa, maziwa yatafika kwenye beringi, beringi itapata kutu na kuanza kulia, na mota itavuta umeme mwingi hadi iungue. Unapofunga sili mpya, paka grisi ya chakula sehemu ya shafti inayozunguka ndani ya sili, na ile ncha yenye pembe inayoingia kwenye gia iache kavu.

Mkanda wa mota nao uwe katika hesabu. Zima umeme, chomoa plagi ukutani, ondoa kifuniko, utazame kama umepasuka au unang'aa kwa kuteleza. Namba ya saizi imeandikwa juu yake. Iandike kwenye daftari kabla haijafutika.

Na kale katundu kadogo ka mrija wa hewa kasidharauliwe. Mkipata mchanganyiko lita 10 ukaingiwa na hewa kwa asilimia 40, mnauza lita 14 za aiskrimu. Tundu likizibwa na maziwa yaliyokauka, lita 10 zinabaki kuwa lita 10 na kidogo. Katika kila koni 14 mlizotarajia, 4 hazipo, na aiskrimu imekuwa ngumu na nzito. Kijana analalamika kwamba biashara haina faida, kumbe faida imezibwa na utando unaotolewa kwa brashi nyembamba. Lakini msitanue tundu hilo kwa msumari ili kupata hewa zaidi. Mtauza povu, na mteja wa Mbagala si mjinga, hatarudi.

Sasa tutoke ndani tuje upande wa joto. Nyuma au ubavuni mwa mashine kuna kondensa, ule wavu wa mapezi membamba wenye feni. Joto lote lililotolewa kwenye maziwa hutokea hapo. Vumbi la barabara za mitaani kwetu, unga wa koni na nyuzi za nguo hujaa katika mapezi hayo, na kompresa hubaki kama mtu anayekimbia juani akiwa amejifunika blanketi. Pigeni brashi laini kila wiki, mkifuata mapezi yanavyolala ili yasipinde. Iacheni mashine nafasi ya kutosha pande zote. Msiisukume hadi ukutani, msiizungushie maboksi ya koni, na msiiweke mahali ambapo jua la saa tisa alasiri linaifikia. Walio karibu na bahari, Kawe na Kunduchi, wafute mwili wa mashine na kondensa mara kwa mara, kwa kuwa hewa ya chumvi hula chuma.

Hapa ndipo nafikia jambo linalowamaliza wengi: gesi. Sikilizeni vizuri. Gesi ya jokofu haiishi kama petroli. Inazunguka humo humo ndani ya mabomba kwa miaka. Ikipungua, kuna mahali inavuja. Fundi anayekuja kila baada ya miezi miwili akajaza gesi, akachukua hela yake akaondoka bila kutafuta tundu, anakuuzia ugonjwa. Mwambie atafute uvujaji kwanza, aufunge, avute hewa na unyevu kwa pampu, ndipo ajaze kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mashine. Kibandiko hicho kinataja pia aina ya gesi. R22 haichanganywi na R404A, wala R404A na nyingine, na ikiandikwa R290 jueni kwamba hiyo ni propani, inashika moto, haiguswi na mtu asiyeifahamu. Tena gesi isiachiwe hewani ovyo. Nchi yetu imeridhia Itifaki ya Montreal ya kulinda tabaka la ozoni, na hewa tunayoichafua ni ya wajukuu wenu.

Umeme nao ni adui mkimya. Mashine nyingi zenu zimetengenezwa kwa volti 220 hadi 240. Jioni, mtaa mzima ukiwasha, volti hushuka. Taa inafifia tu, lakini kompresa na mota huvuta mkondo mkubwa zaidi na kupata moto hadi waya zake ziungue. Kununua mashine bila gadi ni kuiweka rehani. Chagueni gadi inayokata umeme ukiwa mdogo au mkubwa mno, na inayosubiri dakika 3 hadi 5 kabla ya kuurudisha, kwa sababu kompresa iliyosimama ghafla inahitaji muda shinikizo la ndani litulie ndipo iwake tena. Mashine ipewe waya wake kutoka kwenye saketi breka, wenye unene wa kutosha, na waya wa ardhi uliofungwa kweli. Msichukue umeme kwenye ekstensheni moja na friji na redio. Sakafu yenu ina maji muda wote. Waya wa ardhi ndio unaosimama kati ya kijana wenu na kifo.

Wale waliofanya biashara wakati wa mgawo wa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024, kabla mitambo ya Bwawa la Mwalimu Nyerere haijaanza kuzalisha, wanakumbuka tabu yake. Umeme ungali unakatika wakati mwingine, basi wekeni sheria kabla haujakatika. Muwe na kipimajoto tangini. Maziwa yakikaa katika joto la kawaida kwa muda wa saa mbili, yamwageni. Najua inauma kumwaga. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Anayeona uchungu kumwaga tangi moja la maziwa anaweza kufunga biashara nzima kwa aibu ya siku moja.

Hapo nimefika kwenye jambo zito kuliko fedha. Mteja wenu mkubwa ni mtoto, na baada yake ni mama mjamzito anayetamani kitu cha baridi. Vijidudu vya Listeria haviogopi baridi. Katika friji vinaendelea kuongezeka, na vikigandishwa havifi, vinalala tu. Mwaka 2023, katika mji wa Tacoma, jimbo la Washington nchini Marekani, watu 6 waliugua na 3 kati yao wakafa kwa Listeria iliyofuatiliwa hadi kwenye mgahawa mmoja. Uchunguzi ulikuta vijidudu hivyo ndani ya mashine za aiskrimu za kutengenezea vinywaji vya maziwa, mashine ambazo hazikuoshwa ipasavyo. Hiyo ni nchi yenye maji safi bombani na wakaguzi wengi. Sisi tunakumbuka Agosti 2015, kipindupindu kilipoanzia Kinondoni hapa hapa Dar es Salaam, kisha kikaenea katika mikoa mingi ya nchi. Hatuna sababu ya kujiona salama.

Mkidhani habari ya usafi ni tofauti na habari ya vipuri, tazameni mpira wenye ufa chini ya mwanga mkali. Ndani ya ufa ule mna mstari mweusi au wa manjano. Ni maziwa ya zamani, na brashi haifiki humo, wala dawa haifiki. Kisu kilichomeguka kina kona kama hiyo. Sili iliyolika ina kona kama hiyo. Unaweza kuosha kila usiku kwa moyo safi na bado ukauza vijidudu, kwa sababu kipuri kilichochakaa kimevipa makazi. Kubadilisha kwa wakati ni nusu ya kuosha.

Na kuosha kwenyewe kuna mpangilio. Baada ya kufunga biashara, toeni mchanganyiko wote, kisha wekeni swichi kwenye hali ya kuosha, si ya kugandisha. Maji yakiwa ndani ya silinda na ubaridi ukawashwa, yatageuka jiwe, na kikorogeo kitavunjika au shafti itakatika kwa dakika chache. Nimeona mashine mpya ikiuawa hivyo. Suuzeni kwanza kwa maji baridi hadi yatoke safi, bila maziwa. Msianze na maji ya moto, maana hugandisha protini ya maziwa kwenye chuma. Kisha tumieni maji ya uvuguvugu yenye sabuni, fungueni mlango, toeni kikorogeo, visu, pistoni na oringi zote, mzisugue kwa brashi ya kila sehemu. Brashi zenyewe zikianza kumwaga nywele, zitupeni. Acheni vipuri vikauke usiku vikiwa vimetenganishwa juu ya trei safi.

Asubuhi pakeni grisi, fungeni, kisha ueni vijidudu. Chukueni dawa ya klorini isiyo na manukato wala rangi. Ikiwa nguvu yake ni asilimia 3.5, mililita 30, yaani vijiko 2 vya chakula, katika lita 10 za maji zitatoa kipimo kinachokubalika cha sehemu 100 kwa milioni. Someni lebo, kwa sababu nguvu hutofautiana. Mimineni tangini, zungusheni, acheni dakika 5, pitisheni midomoni mote, mmwage hadi tone la mwisho, na aiskrimu ya kwanza kutoka itupwe. Msizidishe dawa mkidhani ndio usafi zaidi, na msiilaze humo usiku. Klorini nyingi hula mpira na kutoboa chuma. Maji ya kuchanganyia unga yawe yamechemshwa yakapoa. Maji ya kisima yenye chumvi yasitumike hata kuoshea kama kuna mengine, kwa sababu huacha magamba na kutu. Wala mchanganyiko wa jana usiongezwe juu ya wa leo. Ukifanya hivyo kila siku, tone la wiki iliyopita litakuwa ndani ya koni ya leo, na hakuna mkaguzi wa TBS wala bwana afya atakayekubali maelezo yako.

Wengine mtaniambia: mzee, hayo yote ni kazi ya fundi, sisi ni wafanyabiashara. Hapana. Fundi ni wa kompresa, gesi na nyaya. Visu, oringi, sili, tundu la hewa na vumbi ni vyenu. Nchini Marekani, mashine za aiskrimu za migahawa ya McDonald's zimekuwa zikijulikana kwa kusimama ovyo, na watu wakapambana kwa miaka wapate haki ya kufungua kufuli za programu ili watengeneze wenyewe. Oktoba 2024 mamlaka ya hakimiliki ya nchi hiyo ilitoa ruhusa hiyo kwa mitambo ya migahawa ya kuandalia chakula. Wenzenu wameipigania ruhusa ya kugusa mashine yao. Ninyi hakuna aliyewafungia. Mkono na brashi vinatosha kuanza.

Fundi mkimhitaji, msimchukue kishoka wa kijiweni kwa sababu ya bei. Muulizeni amejifunza wapi. VETA pale Chang'ombe wanafundisha ufundi wa majokofu na viyoyozi, na kila mwaka vijana wanatoka pale wakiwa na cheti. Fundi wa kweli huja na geji na mita, hupima kabla ya kutamka, hukuonyesha kipuri kibovu alichokitoa, na hakasiriki ukimuuliza swali.

Muwe na daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mashine ni mali. Andikeni tarehe ya kila kisu, kila oringi, kila sili na kila mkanda, pamoja na saizi yake. Wekeni kibubu cha spea, na kila jioni, kabla hamjagawa faida, tupieni humo kiasi kidogo kisichoguswa kwa harusi wala msiba. Fuateni pia majira yetu. Masika ya Machi hadi Mei biashara hupungua. Huo ndio wakati wa kufungua mashine yote, kubadilisha vinavyokaribia kuisha na kumwita fundi akague nyaya na beringi, ili Sabasaba na sikukuu ziwakute tayari. Novemba kagueni tena, hasa kondensa, feni na gadi, kwa sababu kuanzia Desemba hadi Machi joto la Dar es Salaam halina huruma, na huo ndio wakati wa kuuza. Mashine inayokufa Januari imeanza kuugua mapema, na mwenyewe hakuitazama.

Mwisho, mfundisheni mnayemwachia mashine. Wengi wenu mnaendesha bajaji au mnauza katika duka jingine, na mashine inabaki na binti au kijana anayelipwa kwa siku. Msimwambie tu aoshe. Kaeni naye usiku mmoja, mfungue pamoja, mwonyesheni ufa kwenye mpira na uchafu ulio ndani yake, mwambieni kwa nini maji hayagandishwi ndani ya silinda. Akiona kipuri kimechakaa akasema, msimgombeze kwa gharama. Mshukuruni na mkinunue. Mfanyakazi anayeogopa kusema atawaficha hadi mashine ife, au hadi mtoto wa jirani augue.

Wanangu, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami sitaki kuona mguu wa mmoja wenu ukivunjika. Leo usiku, kabla ya kufunga fremu, toeni kitrei cha matone mkitazame, toeni visu mvipitishie ukucha, hesabuni oringi zenye ufa, na kesho asubuhi nendeni mkanunue zinazohitajika kabla hamjauza koni ya kwanza. Mungu awape riziki ya halali, na awajalie biashara ambayo mtoto wa mwenzenu anakula na kurudi nyumbani salama.